Kichaka cha Isimani, ndugu wa kakao ya Kyela

Ukitaja maua ya Nyanda za Juu Kusini, wengi watakujibu Kitulo, na hawakosei. Uwanda ule wa mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, uliotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, una okidi zinazowatoa watu Ulaya kuja kupiga magoti kwenye nyasi zenye umande. Wenyeji wameuita Bustani ya Mungu tangu zamani. Lakini nyanda zetu zina upande mwingine ambao haupati wapiga picha. Toka Iringa mjini uelekee kaskazini, upite Isimani mpaka karibu na Mtera. Au shika njia ya Idodi na Pawaga. Au ukiwa unatoka Mbeya, pinda Chimala uingie Usangu. Ubaridi unakuachia njiani, mibuyu na migunga inaanza, udongo unakuwa wa mchanga na kokoto, na mvua inanyesha msimu mmoja tu, tangu mwisho wa mwaka hadi Aprili. Baada ya hapo ni jua na vumbi.

Huko ndiko kunakoota mmea ninaotaka kuuandikia leo. Wanasayansi wanauita Waltheria indica. Si mti, wala si jani la msimu mmoja linalokufa kiangazi kikiingia. Ni kichaka kidogo kinachomfika mtu magotini au kiunoni, shina lake la chini gumu kama kuni, matawi ya juu bado laini. Kinapenda mahali palipokwisha kuchokozwa na binadamu: kando ya barabara, kwenye mapito ya ng'ombe, kwenye mashamba yaliyolazwa. Isimani ya miaka ya 1950 na 1960 ilisifika kwa mahindi, kisha ardhi ikachoka. Udongo wa namna hiyo ndio makazi yake. Mpita njia anakiona ni gugu lenye vidoa vya manjano na anaendelea na safari. Namwomba msomaji asimame nami kidogo, maana kichaka hiki kimewasumbua mabingwa wa mimea tangu karne ya 18, na kina undugu ambao mkulima wa Mbeya hangeutarajia.

Anza na jani. Lina umbo la yai lililorefushwa, urefu wa sentimita tatu hadi kumi, kingo zake zina meno madogo ya msumeno, na mishipa yake imezama upande wa juu hata jani likaonekana kama limekunjwakunjwa na kufunguliwa tena. Rangi yake ni kijani iliyoingia kijivu. Ulipapase, ni laini kama mahameli. Ukiweka lenzi ya mkono, ile ndogo ya kukuza mara kumi, utaona ulaini huo umetokana na vinywele vilivyotoka kwa mafungu, kila fungu likichanua pande zote kutoka kwenye kitako kimoja. Vinywele hivyo vinarudisha sehemu ya mwanga wa jua, na vinazuia upepo usipite moja kwa moja juu ya ngozi ya jani, hivyo maji hayapotei upesi. Mmea unaokaa Pawaga hauna budi kuvaa hivyo. Na vinywele vya namna hiyo ni alama ya ukoo, kwa hiyo nitavirudia.

Maua hayakai mojamoja. Yamesongamana kwenye kwapa, pale jani linapoungana na tawi, kila kishada kikiwa na maua mengi madogo lakini machache tu yaliyofunguka kwa wakati mmoja. Nilipoinama kukitazama kando ya barabara ya Isimani, asubuhi kabla jua halijakolea, nyuki wadogo walikuwa wanaingia na kutoka bila kunijali, na harufu yake ilikuwa tamu kuliko nilivyodhani ua la ukubwa ule lingeweza kutoa. Petali ni tano, kila moja haizidi urefu wa punje ya mchele. Zinachanua zikiwa manjano angavu, na kadiri ua linavyozeeka zinaelekea rangi ya chungwa, kisha kahawia. Kwa hiyo kwenye kishada kimoja unakuta rangi mbili au tatu, na anayetazama kwa mbali anaweza kuapa kwamba ni mimea tofauti.

Ndani ya petali ndimo mwenye kuainisha anamotafuta jibu. Stameni, yaani sehemu za kiume zinazobeba chavua, ni tano tu, zimeungana chini, na kila moja inaikabili petali yake. Katikati kuna ovari yenye chumba kimoja, na ncha yake ya kupokelea chavua imechanika kama brashi ndogo. Tunda ni kibumba kikavu kinachopasuka pande mbili, na kwa kawaida ndani mna mbegu moja. Kwenye ukoo ambao wengi wana matunda ya vyumba vitano, chumba kimoja na mbegu moja ni jambo la kushangaza. Hilo ndilo linaloitambulisha jenasi ya Waltheria.

Nasisitiza stameni na tunda kwa sababu manjano peke yake hayatoshi kumwongoza mtu. Katika ukanda huo huo kavu kuna mimea ya jenasi ya Sida, ambayo watu wa vijiji vingi wanaifunga kuwa mifagio ya kufagilia uwanja, na wengi huiita hivyo hivyo, mfagio. Nayo ina maua ya manjano na shina gumu. Lakini ua la Sida lina stameni nyingi zilizofungamana kuwa bomba moja katikati, na tunda lake likikauka linaachana vipande, mara nyingi kila kipande kikiwa na vijiba vya kung'ang'ania nguo. Kuna pia Melhania velutina, yenye manyoya na manjano vilevile, ila ua lake ni kubwa zaidi, limezungukwa nje na vijani vitatu vipana, na stameni zake tano zinapishana na vijiti vitano visivyo na chavua. Mtu akikuletea "kile kichaka cha maua ya njano", muulize alichungulia ndani ya ua au la. Kama hakuchungulia, bado hajakuletea mmea wowote.

Sasa habari ya jina. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Sweden alichapisha kitabu ambacho ndicho chanzo cha majina ya kisayansi ya mimea ya maua, Species Plantarum. Humo alitenga jenasi kwa heshima ya Augustin Friedrich Walther, profesa wa Leipzig aliyekuwa na bustani ya mimea na aliyefariki mwaka 1746. Akaweka chini yake, kwenye ukurasa mmoja, spishi aliyoiita Waltheria americana kutoka visiwa vya Karibi na Suriname, na nyingine aliyoiita Waltheria indica kutoka upande wa India. Tofauti kubwa aliyoitaja ni kwamba vishada vya ile ya Marekani vina kikonyo, na vya ile ya India vimekaa moja kwa moja kwenye tawi.

Linnaeus hakufika Karibi wala India. Alitegemea mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, vipande vichache vilivyosafirishwa na watu wengine. Laiti angeona kichaka kizima kinachoota! Kwenye mmea mmoja, tawi la chini linaweza kuwa na vishada vyenye kikonyo na tawi la juu vishada visivyo nacho. Alichokiona kuwa spishi mbili ni mabadiliko ya kawaida ya mmea mmoja kulingana na umri wa tawi, maji na kivuli.

Aliyeziunganisha alikuwa Robert Brown, Mskoti, na mimea iliyomfikisha hapo ilitoka Afrika. Mwaka 1816 serikali ya Uingereza ilituma msafara kwenda mto Kongo ukiongozwa na nahodha James Kingston Tuckey, na mtaalamu wa mimea ndani yake alikuwa Mnorwe, Christen Smith. Safari ilikuwa ya majonzi. Smith alikufa, Tuckey naye akafa, na wengi wa wenzao pia. Lakini mikusanyo ya Smith iliokolewa ikafika London, na Brown akaichambua na kuandika ripoti iliyotoka mwaka 1818 pamoja na shajara za msafara. Alikuwa anaorodhesha mimea ya Kongo ambayo inapatikana pia Asia na Marekani, na alipofika kwenye kichaka chetu akaona majina mawili ya Linnaeus yanasema kitu kimoja. Akachagua indica. Kwa kuwa majina yote mawili yalizaliwa siku moja, hakuna lililo kubwa kwa mwenzake, na kanuni za kimataifa za majina ya mimea zinasema katika hali hiyo uamuzi wa aliyeunganisha kwanza ndio unaofuatwa. Kwa hiyo jina ambalo mwanafunzi wa leo analiandika Iringa limetokana na majani yaliyokaushwa ukingoni mwa mto Kongo na kijana aliyefia huko. Naona hilo ni jambo la kujulikana zaidi kuliko linavyojulikana.

Jina likatulia. Ukoo haukutulia. Kwa zaidi ya karne moja waltheria ilihesabiwa katika familia ya Sterculiaceae. Jirani zake walikuwa familia nyingine tatu: Malvaceae ya pamba na bamia, Tiliaceae ya mlenda na mikole, na Bombacaceae ya mibuyu na misufi. Kila mwanafunzi aliyewahi kukariri familia hizo nne anajua taabu ya kuzitenganisha, maana zote zina magome yenye nyuzi ngumu za kusokotea kamba, nyingi zina ute ule unaoujua ukipika mlenda au bamia, na zote zina wenye vinywele vya mafungu kama nilivyoeleza. Mipaka iliwekwa kwa kuhesabu stameni na kukagua vifuko vya chavua, na daima kulikuwa na jenasi zilizokataa kukaa upande wowote.

Miaka ya 1990 ilileta njia nyingine: kusoma mpangilio wa vinasaba. Utafiti uliotoka mwaka 1999 ulilinganisha jeni mbili za kloroplasti kutoka mimea mingi ya familia hizo nne, na matokeo yakaonyesha kwamba mipaka ya zamani haiendani na nasaba. Familia tatu kati ya nne zilikuwa mchanganyiko wa matawi yasiyotoka kwa mzazi mmoja. Ufumbuzi ukawa kuziweka zote nne katika familia moja pana ya Malvaceae, kisha kuigawa katika nusufamilia. Kundi la kimataifa la kuainisha mimea ya maua, linalojulikana kwa kifupi kama APG, lilikuwa limekwisha kuipendekeza familia hiyo pana mwaka 1998.

Katika mpangilio huo mpya waltheria iliangukia nusufamilia inayoitwa Byttnerioideae. Mwenyeji maarufu wa nusufamilia hiyo ni Theobroma cacao, kakao.

Mkulima wa Kyela au wa Busokelo mwenye shamba la kakao chini ya kivuli cha migomba, mahali ambapo mvua haikauki ipasavyo, ana mti ambao ndugu yake wa karibu katika mkoa huo huo wa Mbeya ni kichaka cha vumbi cha Usangu. Karibu kuliko pamba. Karibu kuliko mbuyu, ambao nao ni wa familia hiyo pana lakini uko kwenye tawi jingine. Asiyeamini achukue lenzi yake aende Kyela wakati kakao imechanua. Maua yake madogo yanatoka moja kwa moja kwenye shina, na ndani yake atakuta stameni tano zenye chavua, kila moja imekabili petali, imejificha kwenye kofia ya petali hiyo. Arudi Usangu ahesabu tena. Tunda la kakao ni kubwa na limejaa mbegu, la waltheria halizidi milimita chache na mbegu ni moja, lakini mpango wa ua ni wa mababu walewale.

Kwangu hii ndiyo faida ya kuainisha, na ndiyo sababu sikubali wanaosema ni kazi ya kubandika majina ya Kilatini. Jina linakuambia mmea ni upi. Uainishaji unakuambia ni wa nani, na ukishajua ni wa nani unaweza kukisia tabia zake kabla hujaziona: aina ya nyuzi, aina ya ute, wadudu wanaouandama, kemikali zilizomo kwenye mizizi. Wahausa wa Nigeria na wenyeji wa Hawaii wametumia mizizi ya waltheria kwa vizazi. Hawaii wanaitafuna kwa maumivu ya koo. Mwaka 2014 wakemia walichapisha matokeo ya alkaloidi za mizizi hiyo zilizodhoofisha, katika maabara, vimelea vya Trypanosoma cruzi, jamaa wa vimelea vya malale. Matokeo ya maabara si dawa, na simshauri mtu yeyote achimbe mizizi kando ya barabara akanywe. Lakini fikiria mtafiti anayeletewa gunia la "kichaka cha maua ya njano" ambalo nusu yake ni Sida. Kazi yake yote imeharibika kabla hajawasha jiko.

Kumbukumbu za mimea ya upande wetu zina jeraha la zamani. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alifariki Julai 1898, na muda mfupi baadaye Mjerumani mmoja, Walther Goetze, alipita Uhehe, Ukinga na hadi Rungwe akikusanya mimea kwa ajili ya Berlin. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1899 kabla ya kurudi kwao, lakini vifurushi vyake vilifika, na mtaalamu wa mimea Adolf Engler na wenzake wakaelezea spishi nyingi mpya kutoka humo. Jina lake bado lipo kwenye mgunga mmoja wa nchi kavu, Senegalia goetzei. Kisha akaja mmisionari Adolf Stolz wa Kyimbila, Rungwe, ambaye mikusanyo yake ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia iliipa sayansi hata jenasi nzima ya okidi, Stolzia. Sampuli za msingi za mimea mingi ya Uhehe na Unyakyusa zikahifadhiwa Dahlem, Berlin, kwenye hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa. Machi 1943 mabomu yaliangukia Berlin, hebaria ikaungua. Karatasi zilizokuwa ushahidi wa kwanza wa mimea ya Iringa na Rungwe zikawa majivu. Zilizosalia ni nakala zilizokuwa zimegawiwa taasisi nyingine.

Kazi kubwa iliyofuata ni mfululizo wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki, ulioanza kutoka mwaka 1952 chini ya bustani ya Kew na kukamilika mwaka 2012, ukiwa umeeleza spishi 12,104 za Kenya, Uganda na Tanzania. Tanzania Bara imegawanywa humo kanda nane, na sisi wa Mbeya na Iringa ni T7. Waltheria imo katika kitabu cha Sterculiaceae kilichotoka mwaka 2007, kimeandikwa na Martin Cheek na Laurence Dorr. Tazama miaka hiyo: familia ilikuwa imeunganishwa na nyingine karibu muongo mzima kabla, lakini mfululizo ulioanza na mpango wa zamani ulilazimika kumaliza na mpango huohuo. Kwa hiyo mwanafunzi anayefungua kitabu hicho leo ajue kwamba maelezo ya mmea ni sahihi na jina la familia kwenye jalada ni la kihistoria.

Lipo jambo moja ambalo wataalamu bado wanavutana. Jenasi ya Waltheria ina spishi zaidi ya 50, na karibu zote ni za Marekani ya kitropiki, hasa Brazil na Mexico. Hii yetu peke yake ndiyo iliyoenea Afrika, Asia, Australia na visiwa vya Pasifiki. Je, ilivuka bahari yenyewe zamani za kale, au ilibebwa na mizigo ya meli baada ya karne ya 15? Brown aliikuta kwenye mikusanyo ya Kongo ya 1816, na kabla yake mkusanyaji mwingine, Paul Hermann, aliikusanya Sri Lanka katika miaka ya 1670. Kama ni mgeni, basi alisambaa kwa kasi ya ajabu. Vinasaba vinaweza kutoa jibu, lakini vinahitaji majani kutoka kila pembe ya ueneaji wake, na pembe moja ni bonde la Ruaha.

Hapo ndipo ninapowageukia wanaosomea ualimu wa baiolojia pale Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, na wenzao wa Mbeya. Hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Hebaria ya Taifa ya Arusha zinapokea sampuli zilizoandaliwa vizuri, na nchi kavu ya T7 ni mwendo wa basi tu kutoka darasani. Kata tawi lenye maua na matunda pamoja, maana bila tunda hakuna atakayethibitisha ile mbegu moja. Chukua matawi matatu au manne ya mmea uleule ili kila hebaria ipate lake na balaa la Berlin lisirudiwe. Laza kila tawi kwenye gazeti, jani moja likitazama chini ili manyoya ya upande wa nyuma yaonekane, libane kwa mbao, na ubadilishe magazeti kila siku mpaka likauke. Weka kipande cha jani kwenye mfuko wenye silika ya kukaushia kwa ajili ya vinasaba. Kwenye lebo andika kijiji, mwinuko, udongo, tarehe, jina la mkusanyaji na jina ambalo wenyeji wa pale wanauita mmea huo. Andika pia rangi ya petali ungali uwanjani, kwa kuwa zikishakauka hugeuka kahawia zote, na atakayeifungua karatasi hiyo miaka 50 ijayo hatakuwa na njia nyingine ya kujua kwamba zilikuwa manjano.